"NAENDANGA" SI MATUSI

Mwaka huu mhariri aliniomba niandike kuhusu umuhimu wa Kiswahili katika maendeleo ya taifa. Nilikataa. Mada hiyo imeshaandikwa mara nyingi katika magazeti ya shule, tena na watu wenye misamiati mizito kuliko wangu, na sina jipya la kuongeza. Mimi ninataka kuzungumza juu ya kipande kidogo cha neno, kidogo hata hakiwezi kusimama peke yake, ambacho kimewachapisha watu wengi kalamu nyekundu. Nacho ni hiki: -anga.

Panda matatu yoyote inayotoka Kitale kwenda Bungoma, kisha utege sikio. Kabla hamjafika Kiminini utakuwa umekisikia mara kumi. "Hapa tunabebanga watu watatu." "Mimi nashukianga Kamukuywa." "Huyu dereva hakimbizangi gari." Mama mwenye kapu la kuku atasema anaendanga Chwele siku ya soko, na mzee aliye karibu naye atasema mvua ya siku hizi hainyeshangi kama ile ya zamani. Hakuna mtu atakayegeuka kushangaa. Wabukusu husema hivyo, Wasabaoti husema hivyo, Waturkana waliokulia Kitale husema hivyo, na hata wenzetu ambao wazazi wao walihamia Trans Nzoia kutoka Mkoa wa Kati wa zamani husema hivyo.

Sasa ingia darasani. Andika katika insha yako, "Baba anaendanga shambani kila asubuhi." Daftari litarudi na mstari mwekundu chini ya neno hilo, na kando yake alama ya kuuliza, au lile neno la pekee ambalo sote tunalijua: "Lugha!" Basi. Hakuna maelezo zaidi. Mwanafunzi anabaki akijiuliza ni nini alichokosea, maana sentensi yenyewe imeeleweka barabara na kila mtu, hata na mwalimu mwenyewe, ambaye saa nne wakati wa chai atawaambia walimu wenziwe kwamba yeye hanywangi chai bila maziwa.

Msimamo wangu ni huu, na ninautoa kwa heshima zote kwa walimu wetu: -anga si uchafu ulioingia katika Kiswahili kwa sababu watu wa huku hawakusoma. Ni kiambishi. Kina kazi yake, kina mahali pake katika kitenzi, na kina kanuni zake ambazo hata mtoto wa darasa la pili hazivunji. Kukifuta bila kueleza kinafanya nini ni kumnyang'anya mtu jembe bila kumpa trekta.

Tuanze na kazi yake. Tazama sentensi hizi mbili: "Mtoto anatapika" na "Mtoto anatapikanga." Ya kwanza yaeleza jambo linalotukia sasa hivi. Ya pili yaeleza jambo lililozoeleka, linalorudi tena na tena, pengine kila akila, pengine kila asubuhi. Na huenda kwa wakati huu mtoto ametulia tuli mgongoni mwa mama yake. Chukulia kwamba mama huyo amefika hospitalini, na muuguzi wa zamu ametoka mbali, hajaizoea lugha ya huku. Akiyasikia maneno hayo mawili kama neno moja, ataandika kwamba mtoto anatapika leo. Atatibu tatizo la leo. Habari kwamba jambo hilo limekuwa likijirudia kwa majuma matatu imepotea, na imepotelea katika silabi mbili ambazo shule ilimfundisha muuguzi huyo kuzidharau. Utaniambia huo ni mfano wa kubuni. Ni wa kubuni, lakini hebu nenda ukakae kwenye foleni ya zahanati yoyote ukasikilize watu wanavyoeleza maradhi yao. "Kichwa kinaniumanga." "Miguu inafuranga jioni." Ugonjwa wa mazoea husemwa kwa lugha ya mazoea.

Wataalamu wa sarufi huliita jambo hili hali. Wakati hutuambia tendo lilitokea lini: jana, leo, kesho. Hali hutuambia tendo lilivyo ndani yake: limekwisha, linaendelea, ni mazoea, linajirudia. Kiswahili Sanifu kina -me- kwa tendo timilifu, kina -ki- kwa tendo linaloendelea ndani ya jingine, na kwa mazoea kina hu-. "Baba huenda shambani." Hilo sote tumelikariri tangu shule ya msingi.

Lakini kuna jambo kuhusu hu- ambalo vitabu vyetu havilisemi kwa sauti. Kiambishi hiki kikiingia, vingine hutoka. Kinafukuza nafsi: mimi huenda, wewe huenda, wao huenda, ukiondoa kiwakilishi, hujui ni nani anayeenda. Kinafukuza wakati pia. Huwezi kukiambatanisha na -li- wala na -ta-. Hata ukanushi hakiupendi. Ndiyo maana Kiswahili cha siku hizi kimelazimika kuunda njia nyingine, ya maneno mawili: "huwa ninaenda", "huwa siendi". Na kwa mazoea ya zamani tunasema "nilikuwa nikienda". Njia hizi ni safi na ninazitumia. Simsikilizi mtu anayedai kwamba Kiswahili Sanifu hakiwezi kusema ambayo -anga inasema. Kinaweza. Ila kinahitaji maneno mawili pale ambapo mama wa Chwele anatumia moja.

Tazama jinsi -anga inavyokaa na jamaa zake bila ugomvi. Naendanga. Uliendanga. Siendangi. Usiendange. Ile a ya mwisho imegeuka kuwa i katika "siendangi", sawasawa kama inavyogeuka katika "siendi". Imegeuka kuwa e katika "usiendange", sawasawa kama katika "usiende". Hii inatuonyesha kwamba kiambishi chenyewe hasa ni -ang-, kimejipenyeza kati ya mzizi na kiishio, na kile kiishio kinaendelea na kazi yake ya siku zote. Haya, chukua kitenzi chenye kiambishi cha kutendwa: "anaitwanga Wekesa." Hakuna mtu kutoka Kitale hadi Malakisi anayesema "anaitangwa". Kwanza -w-, kisha -ang-, kisha -a. Nani alitufundisha mpangilio huo? Hakuna kitabu cha shule kinachoufundisha. Lakini sote tunaufuata, na mgeni akikosea tunamcheka. Kitu ambacho watu maelfu hukifuata bila kufundishwa, na ambacho kosa lake hutambulika papo hapo, hicho si fujo. Hiyo ni sarufi.

Kimetoka wapi? Kwa wengi wetu jibu liko nyumbani. Katika Kibukusu, ukisema "balimanga", umesema kwamba wao hulima, au wanalima. Kiambishi ni kilekile na kimekaa palepale. Lakini Wabukusu tusijivune mno, maana kitu hiki si chetu peke yetu. Mkikuyu ana -aga yake. Tanzania bara, hasa upande wa Ziwa, utawasikia watu wakisema "anaendaga" na "nasemaga" kila siku. Wataalamu wa lugha za Kibantu waliijadili -ag- hii zamani, Mbelgiji A. E. Meeussen, katika kazi yake ya mwaka 1967 juu ya sarufi ya Kibantu cha kale, aliiweka miongoni mwa viambishi ambavyo huenda mababu wa lugha hizi zote walikuwa navyo. Kwa hiyo unapoambiwa ati -anga ni kitu cha kuharibu Kiswahili, kumbuka kwamba kipo katika ukoo wa Kiswahili, kimekaa kwa ndugu zake. Kiswahili Sanifu ndicho kilichoacha kukitumia, kikachukua hu-.

Na hicho Kiswahili Sanifu nacho kilichaguliwa. Hakikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1928 wakubwa wa serikali za kikoloni na wamisionari walikutana Mombasa, wakaamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa lugha ya shule na vitabu katika Afrika Mashariki. Kimvita, lahaja ya Mombasa palepale walipokuwa wameketi, kikashindwa licha ya kuwa na washairi wake wakubwa. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya kusimamia kazi hiyo, ya kusawazisha tahajia, kupitia vitabu na kutunga kamusi, na kamusi iliyobeba jina la Frederick Johnson ikatoka mwaka 1939. Silaumu. Bila kazi hiyo mimi na mwanafunzi wa Tabora tusingeweza kusoma kitabu kimoja. Ninachosema ni kwamba lugha tunayofanyia mtihani ni lugha iliyoundwa kwa kiasi fulani, watu wakakaa mezani wakasema hiki kiingie na kile kibaki nje. Kubaki nje ya meza hakukifanyi kitu kuwa kibovu.

Kwa kuwa nimetaja lugha zilizoundwa, wacha niwapeleke mbali kidogo, halafu tutarudi. Kulikuwa na daktari wa macho aliyeitwa L. L. Zamenhof, aliyezaliwa mwaka 1859 katika mji wa Białystok, ambao leo uko Poland na wakati huo ulikuwa chini ya Urusi. Mji huo ulikuwa kama Kitale yetu: huyu anasema Kipolandi, yule Kirusi, yule Kijerumani, na Wayahudi kama yeye wanasema Kiyidi, na kila mmoja anamtazama mwenziwe kwa jicho la pembeni. Zamenhof akaona afadhali atengeneze lugha mpya isiyo ya kabila lolote. Akaichapisha Warsaw mwaka 1887. Ndiyo hiyo iitwayo Esperanto, na mpaka leo kuna watu wanaoisema.

Sasa, mtu huyu alikuwa huru kabisa. Hakuwa na babu wa kumwogopa wala kamati ya kumkagua. Angeweza kuunda lugha isiyo na viambishi hata kimoja. Lakini alifanya nini? Alijaza viambishi! Jina lenyewe Esperanto lina kiambishi cha hali ndani yake. Mzizi ni esper-, kutumaini. -Ant- huonyesha tendo linaloendelea. -O huonyesha nomino. Maana yake ni "anayetumaini". Angeweka -int- ingekuwa "aliyekwisha kutumaini", na angeweka -ont- ingekuwa "atakayetumaini". Tena aliongeza -ad- kwa tendo linaloendelea au kurudiwarudiwa, ambayo ni kama binamu wa mbali wa -anga yetu. Mtu aliyekaa akatafakari lugha inahitaji nini ili binadamu waelewane aliona kwamba haitoshi kusema jambo limetokea lini. Lazima pawe na njia fupi ya kusema kama jambo lenyewe ni la mara moja au ni la siku zote.

Kuna kiambishi kingine cha Esperanto ambacho ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Katika lugha hiyo rompi ni kuvunja. Lakini kikombe kikivunjika chenyewe, huruhusiwi kutumia rompi. Sharti uongeze -iĝ-: rompiĝi. Mwingereza hajali mambo hayo. Kwake yeye kitenzi ni kilekile, awe amekivunja kwa nyundo au kimemponyoka. Zamenhof alijali. Na sisi tunajali, maana tuna kuvunja na kuvunjika. Hapa hatuulizi tena tendo ni la mazoea au la mara moja. Tunauliza swali zito zaidi: ni nani aliyekuwa na usukani?

Darasani tunaviita kauli. Tenda, tendea, tendwa, tendeka, tendesha, tendana. Tunavikariri kama wimbo wa gwaride. Katika Karatasi ya pili ya KCSE, ile ya 102/2, sehemu ya matumizi ya lugha ina alama 40, na swali la "geuza katika kauli ya kutendeka" halikosi kuogopwa. Mwanafunzi anaandika "vunjika", anapata alama yake, anafunga kitabu, na hajui kwamba ameshika chombo cha hatari mkononi.

Tazama chombo chenyewe. Dirisha limevunjwa: kuna mtu aliyelivunja, hata kama simtaji. Dirisha limevunjika: halina aliyelivunja katika sentensi hii, nimesema hali ya dirisha tu. Ndiyo sababu "limevunjwa na Juma" ni sawa na "limevunjika na Juma" si sawa, ingawa kila muhula utaikuta hiyo ya pili katika madaftari. Mlango umefunguliwa, mlango umefunguka. Pesa zimepotezwa, pesa zimepotea. Askari akifika kwenye duka lililoibiwa, sentensi ya kwanza ya mlinzi, kama ni "umefunguliwa" au ni "umefunguka", imeshaanza kuelekeza upelelezi. (Kiambishi hiki -ik- kina kazi ya pili, ya kuonyesha uwezekano, kama "mwandiko wako hausomeki", lakini leo tukiache hapo.)

Halafu kuna kito ambacho naona tumekitupa jalalani. Kiswahili kina njia ya kumtaja mtu katika tukio bila kumtwika lawama. Si "nimepoteza kitabu", bali "nimepotelewa na kitabu". Si "nimevunja kikombe", bali "nimevunjikiwa na kikombe". Mambo yake yameharibika, basi ameharibikiwa. Mvua imemkuta njiani, basi amenyeshewa. Aliyeondokewa na mzazi amefiwa, na hakuna aliye mjinga kiasi cha kusema "ameua". Mtu yumo katika sentensi, tena yuko mbele, ndiye kiima. Lakini hakuwa na usukani. Jambo lilimjia. Ukihesabu vizuri utaona kwamba "nimevunjikiwa" imebeba nafsi, hali timilifu, mzizi, kutendeka, kutendea na kutendwa, vyote katika neno moja. Zamenhof angeliona neno hilo nadhani angevua kofia.

Mbona basi hatulitumii? Kwa sababu tumefundishwa kulitengeneza, hatukufundishwa kulisema. Nitatoa kisa. Katika shule moja, sitaitaja, upepo wa usiku ulilibamiza dirisha la bweni na kioo kikapasuka mikononi mwa kijana wa kidato cha kwanza aliyekuwa anajaribu kulifunga. Asubuhi akaitwa, akapewa karatasi aandike taarifa ya yaliyotokea. Masikini aliandika kwa Kiswahili chake cha kawaida: "Usiku nilivunja kioo cha dirisha la bweni." Sentensi moja na sahihi. Karatasi ikapanda ofisini. Aliyeisoma hakuwa bwenini. Alisoma kilichoandikwa, na kilichoandikwa kilikuwa ni ungamo. Mzazi akaitwa, akalipa kioo, na kijana akapewa adhabu juu yake. Wenzake waliokuwepo walikuja kueleza baadaye, lakini taarifa ilikuwa imeshawekwa kwenye faili.

Je, angeandika "Nilivunjikiwa na kioo nilipokuwa nikifunga dirisha kwa sababu ya upepo," mambo yangekuwa tofauti? Sijifanyi mtabiri. Pengine mzazi angelipa vilevile. Lakini msomaji wa karatasi angelazimika kuuliza swali la pili kabla ya kuhukumu, na kijana huyo alistahili angalau swali la pili. Ninachojua ni kwamba wiki hiyohiyo darasa lake lilikuwa limefanya zoezi la kauli za vitenzi, na "vunja, vunjia, vunjwa, vunjika" yalikuwemo ubaoni.

Hapo ndipo ninapoona kosa la mafunzo yetu, na si la mwalimu mmoja, ni la mtindo mzima. Tunafuta kiambishi ambacho watoto wanakitumia kwa ustadi, -anga, bila kueleza kinasema nini. Halafu tunawapa viambishi ambavyo hawavitumii, -ik- na -ikiw-, bila kueleza vinasema nini. Upande mmoja ni kufuta na upande mwingine ni kukariri. Katikati, pale ambapo maana inakaa, hakuna mtu.

Wapo watakaonipinga. Mwenzangu mmoja katika chama, mpenzi mkubwa wa ushairi wa pwani, aliniambia nikiitetea -anga nitawafanya vijana wa Kitale na Bungoma waendelee kuchekwa wakifika Mombasa. Ana hoja. Kuna siku mtu wa huku alimuuliza mgeni kutoka Kilifi, "Wewe unakaanga wapi?" Mgeni akajibu kwa upole kwamba hakaangi kitu, yeye si muuza samaki. Tulicheka sana. Lakini tukichunguza kicheko hicho tutaona hakikuletwa na ubaya wa -anga. Kililetwa na bahati mbaya ya kuwapo kwa kitenzi kingine, kukaanga. Kiswahili Sanifu chenyewe kimejaa bahati mbaya za namna hiyo. Ukisema "amefunga", mtu hajui kama ni mlango, ni bao au ni Ramadhani, na hakuna anayependekeza tufute neno hilo.

Mwingine alisema mtihani ni mtihani. Huyo nakubaliana naye kabisa. Mtahini wa KCSE hakuketi ili tumgeuze mawazo, na sitaki mtu yeyote apoteze alama kwa sababu yangu. Katika insha andika "huenda", andika "huwa ninaenda", andika "nilikuwa nikienda". Labda kama umempa maneno mhusika wako, mama muuza ndizi pale stendi ya Kitale, hapo mwache aseme "nauzanga", maana akisema "mimi huuza" katika kinywa chake utakuwa umemvalisha tai. Isimujamii, ambayo ina alama 10 katika karatasi hiyohiyo, inatufundisha kwamba watu hubadilisha lugha kulingana na mahali na wasikilizaji. Ni ajabu kwamba tunalisoma jambo hilo kama nadharia kuhusu watu wengine, na siku hiyohiyo tunaaibishwa kwa kulitenda.

Wala sipendekezi kwamba kamusi zibadilishwe kesho. Ninapendekeza jambo dogo linaloweza kufanyika katika kipindi kimoja cha dakika arobaini. Mwalimu aandike ubaoni: "naenda, naendanga, huenda, huwa ninaenda". Aulize darasa: tofauti ni nini? Darasa letu litamjibu, maana tofauti hiyo tunaijua tangu utotoni. Kisha aseme: hii ni ya nyumbani na matatu, hii ni ya karatasi. Mwanafunzi atakayetoka hapo hatakuwa amefutiwa kitu, atakuwa ameongezewa. Baada ya hapo aandike: "nilivunja, kilivunjwa, kilivunjika, nilivunjikiwa", na awape kazi ya kuandika taarifa ya ajali moja kwa njia hizo nne. Aone nani atafukuzwa shule na nani ataambiwa pole.

Dada yangu anayesoma shule ya msingi upande wa Kimilili aliniambia huko bado kuna kibao kinachozungushwa shingoni mwa anayenaswa akisema lugha ya nyumbani. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inaitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na kifungu hichohicho kinaiagiza serikali kuendeleza na kulinda lugha mbalimbali za wananchi. Aliyefunga kibao hicho sijui kama amefika kifungu hicho. Mtoto anayevua Kibukusu chake mlangoni mwa shule anaivua pia ile hazina ya viambishi ambayo ingemsaidia kukielewa Kiswahili kwa haraka. Mtoto ambaye tayari anajua kwamba khutekha ni kupika na khutekhela ni kupikia hahitaji kuanza upya akikutana na kauli ya kutendea. Ameshaijua. Ana kazi ya kubadilisha sauti tu.

Kwa upande wa chama chetu, kamati imekubali ombi langu moja. Kuanzia muhula ujao kutakuwa na daftari la mistari katika maktaba, juu ya meza iliyo karibu na dirisha. Mwanachama yeyote akisikia kitenzi chenye kiambishi kinachomshangaza, kiwe cha sokoni, cha matatu, cha redio au cha kanisani, akiandike pamoja na sentensi nzima na mahali alipokisikia. Asiandike jina la aliyesema. Tayari nimeandika cha kwanza, nilichokisikia kwa bibi mmoja pale stendi ya Bungoma aliyekuwa akimwambia mjukuu wake kuhusu kisukari: "Hii kitu inanishikanga, siishikangi." Wakubwa wa kidato cha nne wamejaribu kuiandika kwa Kiswahili Sanifu bila kupoteza chochote, na mpaka tunapeleka jarida kwa mpiga chapa walikuwa wamefikia maneno kumi na moja. Kalamu imefungwa kwenye meza kwa uzi, tafadhali msiikate.